Nilimdanganya baba kwamba hakuna network juu ya ngome ya Sinhagad

Wakuu, nawasalimu wote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Hii stori ninayo tangu mwezi wa pili. Naandika, nafuta, naandika, nafuta. Leo nimeamua iende hivyo hivyo ilivyo. Yote yamenitokea mimi mwenyewe, sijaazima ya mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana humu ndani wapo watu wa Rissne, huku Stockholm, wanaonifahamu.

Kwa wageni: mimi ni mwanamke, msiniite kaka kama kwenye uzi uliopita. Nilizaliwa Kigoma, nikaletwa Stockholm nikiwa na miaka sita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao kule Vällingby, huku tunaiita hemtjänst. Asubuhi nawapa dawa, nawavalisha soksi, nawagombeza kidogo, naondoka.

Kugombeza huko nimekuzoea mpaka nakuja nako nyumbani. Mtaona baadaye kwa nini nimekutaja.

Sasa tuje kwa baba. Nitamwita Mzee Hamisi. Ana miaka sabini na moja, ana kisukari, na goti lake la kushoto limechoka. Anaishi Spånga na mama. Ujanani alisomea uinjinia katika mji wa Pune, India. Wa rika lake mnajua, enzi zile vijana wengi wa kwetu walikwenda kusoma kule.

Huko Pune alikuwa na rafiki yake Mrundi, anaitwa Salvator. Kilichowakutanisha ni Kiswahili na njaa. Jiko la hosteli yao lilikuwa linafungwa Jumapili jioni. Kwa hiyo Jumapili mchana hawa wawili walikuwa wanatoka mjini, wanapanda mlima kwa miguu mpaka kwenye ngome ya zamani inaitwa Sinhagad, kwa sababu kule juu kuna akina mama wanauza chakula kizuri kwa bei ya mwanafunzi.

Sinha kwa lugha ya kule ni simba. Kwa hiyo ni ngome ya simba. Baba anasema simba hawakuwahi kumwona, nyani waliwaona wengi.

Walipomaliza masomo kila mtu akaenda kwao. Barua zikaja, zikapungua, zikaisha. Burundi ikachafuka. Baba akaamini kabisa mwenzake kafa.

Miaka mingi baadaye, baba yuko kwenye duka la viungo pale Vällingby anatafuta uwatu kwa ajili ya sukari yake. Anasikia mtu nyuma ya rafu anabishana na muuzaji kwamba huu uwatu ni wa zamani, hauna harufu. Baba akaijua sauti kabla hajaiona sura. Kumbe Mzee Salvator yuko Rissne, vituo vichache tu kutoka kwetu, na mke wake Mama Clarisse na watoto. Wote wawili walikuwa wameishi mji mmoja miaka minne bila kila mmoja kujua.

Kuanzia siku hiyo wakawa chanda na pete. Kila Jumamosi baba yuko Rissne, au Mzee Salvator yuko Spånga. Mimi na Clarisse, binti yake, tumekua kama ndugu. Wazee wanaongea Kiswahili chao cha Kigoma na Bujumbura, wakitaka kutuficha jambo wanahamia Kimarathi, lugha ya Pune. Sisi tulikuwa tunawajibu Kiswidi ili kuwaudhi.

Na kila Jumamosi lazima ngome itajwe. Kwamba ipo siku watarudi, watapanda, watakula mtindi kwenye vyungu vidogo vya udongo.

Mwaka jana Mzee Salvator akaanza kuumwa mapafu. Mwezi wa kwanza mwaka huu akalazwa. Baba alikwenda kumwona na kumwambia safari basi, tuiache. Nilikuwepo chumbani. Mzee Salvator akavuta pumzi, akamwambia:

"Hamisi, we uende. Ukifika kwenye lango unipigie video. Nataka nilione lango, na ule mtindi niuone na macho."

Baba akasema atampigia. Akaahidi mbele yangu na mbele ya Clarisse.

Nikachukua likizo, nikawa mimi ndiye msindikizaji.

Sasa wakuu, kabla sijaendelea kuna jambo mnatakiwa kulijua, vinginevyo hamtaelewa kwa nini hii stori imenikaa.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, bibi yangu mzaa baba alifariki Ujiji. Yule bibi ndiye aliyenilea mpaka nikaja huku. Nilikuwa kwenye mitihani. Nyumba nzima walijua, mimi sikuambiwa. Siku kumi walikuwa wananichekea, wananipikia, wananiuliza mtihani ulikuwaje. Nilipomaliza karatasi ya mwisho, baba akanikalisha sebuleni akaniambia.

Nilipiga kelele siku ile mpaka jirani akagonga ukuta. Mwezi mzima sikuzungumza na baba. Nikamwambia neno moja ambalo halijanitoka kichwani: mimi sitakuja kumfanyia mtu hivi, hata siku moja.

Ni desturi yetu, naijua. Msafiri haambiwi mpaka afike. Mgonjwa haambiwi mpaka apone. Mwanafunzi haambiwi mpaka amalize. Watu wanafanya kwa upendo. Mimi nilikuwa naichukia.

Turudi kwenye safari.

Tulifika Pune Jumatatu asubuhi. Mimi ni mtu wa mipango, nilikuwa na Excel. Jumanne kupumzika, Jumatano kutembelea chuo chao, Alhamisi ngome, Jumapili kurudi.

Baba yeye alitaka ngome iwe Jumanne. Alisema Salvator anasubiri.

Nikamwambia baba, umetoka kwenye ndege, miguu imevimba, goti hilo, hiyo ngome ipo pale miaka mia kadhaa na Alhamisi itakuwepo. Akavua viatu, akajilaza. Nikaona nimeshinda.

Jumatano saa tisa alasiri tumerudi kutoka chuoni, baba kajilaza, mimi niko kwenye ngazi za nje ya gesti nakunywa chai. Simu ikaingia ujumbe. Clarisse.

Aliandika Kiswidi kama kawaida yetu. Pappa dog i morse. Baba amefariki leo asubuhi. Chini yake akaongeza: mama anaomba Mzee Hamisi asiambiwe kwanza.

Nilikaa pale na ile chai mpaka ikapoa. Nikawaza Jumanne. Tungepanda Jumanne, Mzee Salvator angelipata lango lake.

Kabla sijajibu mama akapiga kutoka Spånga. Sauti ya chini, kama baba anaweza kumsikia kutoka bara lingine.

"Zuhura, usimwambie. Ana sukari, yuko ugenini, hospitali huzijui. Mazishi huku yanachukua wiki tatu, atawahi. Mwache apande ngome yake, mrudi, tutamwambia hapa tukiwa wote."

Mimi yule wa sitakuja kumfanyia mtu hivi nikasema, "Sawa mama."

Sikubishana hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma. Kazini tumefundishwa kabisa namna ya kumpa mzee habari mbaya. Mkalishe, mwangalie machoni, sema wazi. Nimewafanyia wazee wa watu mara tatu. Kwa baba yangu nilichofanya ni kuosha uso, nikaingia ndani nikamuuliza kama anataka chai.

Akasema ndiyo. Akatia sukari vijiko viwili. Nikamwangalia tu.

Alhamisi tukaondoka saa mbili. Zamani walikuwa wanapanda kwa miguu toka chini. Siku hizi kuna gari za jipu za kuchangia zinazopanda mpaka karibu na juu. Barabara ina kona mpaka tumbo linahama. Kila kona baba anaonyesha: hapa tulipumzika, pale Salvator alitapika embe bichi, pale nyani alimpora Salvator mkate.

Kila alipolitaja jina nilikuwa natazama dirishani.

Jipu zinapoishia unapanda ngazi za mawe. Malango yapo matatu, moja nyuma ya lingine, mawe meusi, makubwa, yamejengwa kwa pembe ili adui asiweze kuingia mbio. Ukuta unafuata ukingo wa mlima. Ukichungulia chini unaona bwawa, mashamba, na mbali kabisa Pune imefunikwa na vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kuona magofu ya kawaida tu. Nakiri ile ngome ni kitu. Unasimama pale unawahurumia waliotumwa kuivamia.

Watoto wa shule walikuwepo basi zima, wakataka selfie na sisi. Baba akawasalimia kwa Kimarathi wakaangua kicheko. Mwalimu wao akamshika baba mikono miwili kwa furaha.

Kwenye ngazi hakutaka nimshike. Alipanda moja, anapumzika, anapanda nyingine. Kama dakika arobaini kwa ngazi ambazo wale watoto walipanda kwa tano. Nilibeba begi lake, nikabeba na koti lake, nikabeba na maji yake.

Kwenye lango la pili akasimama. Akaweka kiganja kwenye jiwe. Akasema:

"Hili ndilo. Leta simu."

Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nikatoa simu, nikaitazama, nikakunja uso kama mtu anayehangaika.

"Baba, hapa hakuna network."

"Jaribu tena."

Nikajifanya najaribu. Nikainyanyua juu, nikaishusha. "Hakuna. Labda tukifika juu zaidi."

Wakuu, uongo una kazi. Kumdanganya mtu mara moja ni rahisi. Shida ni kwamba unatakiwa kuwa na uongo wa pili mkononi, na mimi sikuwa nao.

Tukafika juu. Akina mama bado wapo, wamekaa kwenye vibanda vya turubai. Baba akachagua mmoja, mama wa makamo, sari ya kijani. Akamwita maushi, ndiyo mama mdogo kwa lugha yao. Tukaketi kwenye mkeka. Akatuletea mkate wa mtama uliotoka jikoni, na mchuzi mzito wa unga wa dengu, na pilipili ya kuponda ambayo sitaki kuizungumzia.

Halafu baba akaagiza mtindi. Vyungu vitatu. Kimoja changu, kimoja chake. Cha tatu akakiweka mbele yake, akakigeuza geuza mpaka kikakaa vizuri.

"Hiki atakiona," akasema. "Jaribu sasa."

Nikatoa simu. Nikasema bado hakuna.

Baba akainua kichwa akatazama nyuma yangu. Nikageuka.

Wakuu, juu ya ile ngome kuna minara ya mawasiliano. Siyo midogo. Inaonekana tangu chini barabarani. Mmoja ulikuwa nyuma yangu pale, na mimi nilikuwa nimekaa kivulini pake nasema hakuna network.

Baba akala kijiko cha mtindi. Akakiweka chini.

"Zuhura. Tangu jana nimekunywa chai tatu za sukari, hujanigombeza."

Nikakishika chungu changu.

"Umebeba begi langu, koti langu, mpaka maji. Nyumbani hunibebei hata gazeti. Unasema jibebee mwenyewe, ni mazoezi."

"Baba..."

"Salvator amekufa lini?"

Nikamwambia. Jana asubuhi, hospitali, Clarisse na mama yake walikuwepo. Nikasema pia kwamba nilikatazwa nisiseme, kama mtoto anayemtaja mwenzake aliyevunja glasi.

Baba akasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Akavua miwani. Alilia kimya, mabega tu yanatikisika, na yule mama wa mtindi akaja akasimama karibu na kikombe cha maji bila kuuliza kitu. Mimi nililia kwa kelele. Sikuwa nalia kwa ajili ya Mzee Salvator peke yake, nilikuwa nalia kwa aibu.

Alipomaliza akajifuta, akavaa miwani.

"Piga sasa."

"Nimpigie nani?"

"Niliahidi nitapiga nikifika kwenye lango. Piga Rissne."

Stockholm ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi. Clarisse akapokea, nyuma yake sebule imejaa watu, makoti ya baridi yamerundikana kwenye sofa. Aliponiona na macho yangu mekundu akaelewa. Akampelekea mama yake simu.

Mama Clarisse alikuwa amekaa chini kwenye godoro, kitenge kichwani. Akasema, "Hamisi, muko wapi?"

"Niko juu, shemeji. Ndiyo nimefika."

"Basi onyesha lango. Siku moja kabla hajafa aliniambia simu yake isizimwe. Nimeiacha kwenye chaji mpaka leo."



Baba akanyanyuka, na goti lake. Akarudi mpaka kwenye lango la pili, mimi nikimshikia simu. Akaligusa jiwe. Akawaeleza waliokuwa Rissne, pole pole, kwa Kiswahili: hapa tulikaa, hapa alikuwa anaimba, hapa alisema akioa, mwanaye wa kwanza atamwita Clarisse. Clarisse nilimsikia anauliza, kwa Kiswahili, na yeye huwa haongei Kiswahili na mzazi:

"Mtindi uko wapi, baba?"

Tukarudi kumwonyesha mtindi.

Baba hakukila kile chungu cha tatu. Akamwomba maushi amwage, akioshe, akifunge kwenye gazeti. Yule mama akaosha, akakataa kulipwa kile chungu. Sasa hivi kiko Rissne kwenye kabati la vyombo, Mama Clarisse anawekea funguo.

Nilidhani yameisha hapo. Hayajaisha.

Wakati wa kushuka tulisubiri jipu ijae. Tumekaa kwenye kiti cha nyuma, sisi wawili tu. Nikamwomba baba msamaha. Nikasema nilikuapia sitafanya hivi, nimefanya, na wewe siku ile ulifanya kwa kunipenda, sasa naelewa.

Nilitegemea aseme yameisha mwanangu. Akawa anatazama mikono yake.

"Usinielewe haraka," akasema. "Kuna kitu sikukuambia."

Akaniambia hivi. Wiki ile ya mitihani yangu, bibi alikuwa bado yu hai, anaumwa. Jumatano alimpigia baba kutoka Ujiji, akasema anataka kuongea na Zuhura. Baba akamwambia mtoto ana mtihani, akili yake itavurugika, tutakupigia Jumamosi ametulia. Bibi akasema sawa. Ijumaa akafariki.

"Nilikuficha kifo siku kumi," baba akasema. "Hilo ulilijua, ukanigombeza, likaisha. Hili la simu nimelificha mpaka leo. Kila ulipokuwa unalalamika kwamba bibi hakukuaga, mimi nilikuwa najua kwamba alitaka."

Sikupiga kelele safari hii. Nilishindwa hata kukasirika, maana Jumanne ilikuwa imekaa pale pale katikati yetu. Yeye alisema Jumamosi, mimi nilisema Alhamisi. Wote tuliona mbele kuna siku za kutosha.

Nikamuuliza, alitaka kuniambia nini?

"Hakusema. Alisema tu nipe sauti yake."

Jipu ikajaa, tukashuka.

Ndiyo hivyo wakuu. Mazishi tuliwahi. Baba alikuwa wa kwanza kushika udongo. Kwenye arubaini mtu mmoja alinipongeza kwa kumficha baba habari mpaka alipofika juu. Nikamshukuru, sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Nilichojifunza mimi: zamani nilidhani kosa la desturi hii ni uongo. Sasa naona uongo ni sehemu ndogo. Kubwa ni kwamba unajipa mamlaka ya kuamua mtu atakuwa tayari lini, na kumbe siku zenyewe siyo zako. Ila pia siwezi kumtukana tena anayefanya hivyo. Nimeshakaa kwenye kile kiti, nimeona kinavyokalika.

Mimi na baba tumekubaliana. Habari yoyote, njema au mbaya, inatolewa siku hiyo hiyo. Na mtu mgonjwa akiomba simu, anapewa simu, hata kama uko kwenye mtihani, hata kama uko kwenye ndege inaondoka.

Chai yake nimerudi kuigombeza. Juzi alitia vijiko viwili makusudi, akanitazama. Nikasema baba, punguza. Akapunguza, akasema, "Vizuri, basi hakuna aliyekufa."

Karibuni mchangie. Nani humu aliwahi kufichwa, na nani aliwahi kuficha? Na wa Ujiji mlioko humu, kama kuna mtu mama yake au bibi yake alikuwa anauza vitumbua karibu na soko miaka ile na alimjua bibi yangu Mwajuma (hili jina sijalibadilisha) mwenye kovu shavuni, naomba aje inbox. Sina ninalolitafuta kubwa. Nataka tu mtu aliyekaa naye wiki ile aniambie alikuwa anazungumza nini.